Majani ya Mzee Kalisti

Tulipotoka makaburini tulikwenda kunawa mikono, kama desturi yetu Rwanda inavyotaka: ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kisha viti vya plastiki chini ya turubai, soda na bia, na mtu mwenye kipaza sauti anayewaita watu mmoja mmoja wamzungumzie marehemu. Mzee Kalisti alikuwa dereva maisha yake yote, basi waliosimama walimsifu kidereva: hakunywa akiwa kazini, hakugonga mtu, hakumpigia honi mwanamke mwenye mzigo kichwani. Mimi nilisema tu kwamba mwaka 1993 alinifundisha kuendesha gari, nikashukuru, nikaketi. Agnesi, binti yake, akaniinamia. "Dada Dona, mbona umekatisha hivyo?" Nikamjibu koo limekauka. Uongo mtupu. Koo langu lilikuwa zima. Ila nilichokuwa nacho moyoni si kitu cha kusemea kwenye kipaza sauti huku watu wanaulizana kifungulio cha chupa kiko wapi.

Agnesi hakuniacha. Alinifuata hadi kwenye gari langu, akaegemea mlango nisiweze kuufunga. Akaniambia jambo ambalo sikulijua, maana miaka mingi baada ya vita niliishi Mwanza, na niliporudi Kigali nilimkuta Mzee ameshaacha usukani. "Baada ya vita Baba alitibiwa macho akarudi kwenye usukani, na aliharibikiwa na gari mara nyingi tu, kama dereva yeyote," akasema. "Lakini hakuweka majani barabarani hata siku moja. Wenzake walimcheka. Yeye alivua shati, akasimama mwenyewe katikati ya barabara na fulana nyeupe, anapunga lile shati, hata mvua ikinyesha. Lori lilikaribia kumgonga mara mbili. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia, kamuulize Dona. Haya, nimekuja kukuuliza." Nilitazama usukani. Nikamwambia nitamwandikia, kwa sababu kwa mdomo nisingefika mwisho.

Zahanati ya masista tulikofanya kazi mimi na baba yako, Agnesi, ilikuwa Kicukiro, hapa Kigali, nyumba ndefu ya matofali iliyopakwa rangi ya manjano hadi usawa wa madirisha. Mbele walikaa wagonjwa, nyuma tulikaa sisi. Kule nyuma kulikuwa na baraza la saruji, jiko la mkaa, masufuria makubwa ya maharage, benchi lililolegea mguu mmoja, na kamyoneti, ndivyo tulivyoita pikapu ya zahanati, nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Stata yake ilikuwa dhaifu, kwa hiyo Mzee Kalisti hakukubali iegeshwe popote isipokuwa juu ya mteremko wa ua, pua ikitazama lango, jiwe limewekwa mbele ya gurudumu. Ikigoma kuwaka, unaondoa jiwe, inashuka yenyewe, unatia gea ya pili, inakohoa, inawaka. Kigali ni vilima vitupu. Gari lenye stata mbovu hapa haliaibiki mradi mwenye nalo ajue pa kuliacha. Madereva wengi waliegesha hivyo wakati ule, lakini Mzee alifanya kama sala. Hata akishuka kunywa maji alirudi kwanza kulikanyaga lile jiwe aone kama limekaa.

Mimi nilikuwa mfagiaji na mfuaji wa mashuka. Vestine alikuwa msaidizi wa wauguzi, umri wetu mmoja, na tulilala chumba kimoja kidogo kilichopakana na jiko, kiasi kwamba nguo zetu zote zilinuka moshi na vitunguu. Alikuwa mrefu, anakula haraka, anaimba vibaya na hajali. Masista walikuwa wanamtafutia nafasi ya kusomea uuguzi Ubelgiji, na mwaka ule wote maisha yetu chumbani yalizunguka jambo hilo: ataondoka lini, atavaa nini, kule baridi ikoje. Naandika mapema asije mtu akasoma kwa matumaini. Vestine hakufika. Aliuawa Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyoanza tarehe 7 mwezi ule, na hadi leo sijui mwili wake uko wapi. Watu wananiambia ndivyo Mungu alivyopanga. Nawaheshimu, lakini wasiniambie hivyo mbele ya chakula.

Nilifika kwenye usukani kwa sababu Mzee alianza kupata mtoto wa jicho. Sista Mkuu alimwambia achague mtu wa kumfundisha kabla hajatuangusha wote korongoni. Akanichagua mimi, akidai ndiye pekee aliyewahi kumuuliza kwa nini boneti ni la moto. Alikuwa amepata Kiswahili chake kwenye malori ya Bukavu na Bujumbura, na kazi ya gari aliifundisha kwa Kiswahili tu, kwa kuwa gereji zote za Gikondo zilisema Kiswahili. Kinyarwanda alikiweka kwa ajili ya kanisani na kugombana. Siku ya kwanza alinikalisha kiti cha abiria, akawasha injini, akaniambia nifumbe macho.

"Iko nini unasikia?"

"Ngurumo, Mzee."

"Ngurumo iko ya mvua. Sikiliza muzuri."

Nilikaa na macho yangu yamefumbwa kama mjinga, Vestine akinicheka kutoka barazani na kikombe cha chai mkononi. Baada ya siku kadhaa nilianza kutenganisha sauti. Kulikuwa na mlio mzito wa injini yenyewe, kulikuwa na upepo wa feni, na juu yake filimbi nyembamba, kama mtu anayepumua kwa pua iliyoziba. Hiyo filimbi, akasema Mzee, ni mkanda wa feni umechakaa. Akanifungulia boneti akanionyesha: mkanda mmoja wa mpira unazunguka, unazungusha feni, unazungusha pampu ya maji, unazungusha na kile chombo kinachochaji betri. "Unaona? Kamba moja, kazi tatu. Ikikatika, hautaona moshi kwanza. Utaona taa nyekundu ya betri. Halafu mushale ya joto inapanda. Ukiona hizo mbili pamoja, usiulize mutu. Simama." Akaniambia nibonyeze mkanda kwa kidole gumba, ukizama kidogo ni mzima, ukizama sana umelegea, ukiona nyufa upande wa ndani uanze kuomba.

Hivyo ndivyo alivyonipa gari lote, kipande kwa kipande. Maji ya kupoza, mafuta ya kulainisha, moto wa betri, hewa, dizeli, breki. Alinilaza chini ya kamyoneti kwenye gereji ya Gikondo, juu ya kipande cha boksi, mafundi wa Zaire wakinipigia miluzi hadi mmoja wao alipoona nafunga nati ya breki bila kuuliza, akasema, "Ala, mama huyu iko fundi kweli," na miluzi ikaisha. Tulikula pale pale, mandazi na chai ya rangi, mikono yetu myeusi, tukisikiliza mafundi wakibishana ni nani atashinda vita vya serikali na waasi kule kaskazini, kwa sauti za juu mwanzoni mwa mwaka na kwa minong'ono mwishoni. Nakumbuka minong'ono kuliko mabishano. Mtu akiingia na gari kuziba pancha, wote walianza kuzungumza habari za mpira wa miguu.

Kitu kimoja kilimuudhi Mzee kuliko breki mbovu, nacho ni ule msemo wa watu kwamba ajali haina kinga. Ukiutamka mbele yake umekwisha. "Nani alisema? Kinga iko!" Kisha anahesabu kwa vidole. Gari likikufia njiani, litoe barabarani lingali linatembea. Usingoje lisimame lenyewe. Tia gea, vuta breki ya mkono, weka jiwe. Toa watu wote, wakae kwenye ukingo, kamwe wasikae nyuma ya gari. Rejeta ikiwa ya moto usiifungue, hata kama baba yako anakufa, maana yale maji yatakutoa ngozi ya uso. Na kabla hujagusa kitu chochote, kata majani. Chukua panga lako, kata matawi mabichi, yatandaze barabarani mbele na nyuma, mbali kiasi kwamba anayekuja akiyaona atakuwa na nafasi ya kushika breki. Ndiyo maana kila dereva alibeba panga chini ya kiti, na hakuna aliyeshangaa. Majani barabarani yalisomwa na kila mtu, aliyesoma na asiyesoma: mwenzako ameharibikiwa, punguza mwendo, ukiweza simama umsaidie.

"Gari iko chuma," alimalizia kila mara, "itangoja. Mutu hangoji." Vestine aliuiga msemo huo jikoni kwa sauti nzito, akimtilia maharage: "Mzee, maharage iko chakula, itangoja?" Naye alicheka hadi akashika kifua. Alimpenda kama binti. Wewe Agnesi ulikuwa bado mdogo sana wakati ule, kwa mama yako huko Butare, na nafikiri Vestine alijaza mahali hapo bila mtu yeyote kuomba.

Mwaka ulipokuwa unaelekea mwisho, Kigali iliharibika kwa namna ambayo ukisimulia leo inasikika kama iliharibika siku moja, na sivyo. Iliharibika kidogo kidogo, na kila kidogo tulikizoea. Redio ya mpishi, iliyokuwa ikicheza muziki tunapochambua maharage, ilianza kutukana watu, na mpishi akawa anapunguza sauti Vestine akipita, kisha akawa hapunguzi. Vijana walianza kufunga barabara. Siku wanapoamka na hasira unakuta matawi na mawe na gogo katikati ya njia, na mtu mwenye panga anayeuliza kitambulisho. Vitambulisho vyetu viliandikwa kabila. Changu kiliandikwa neno lililonipitisha, na cha Vestine kiliandikwa neno jingine. Tukipita wote kwenye kamyoneti, mimi nilirudishiwa changu haraka, chake kilishikwa, kikageuzwa, kikasomwa mbele na nyuma na mtu ambaye nina hakika hakujua kusoma. Vestine alitazama mbele, mikono juu ya magoti. Tukishavuka alikuwa anaimba, vibaya kama kawaida.

Mapema mwaka uliofuata nafasi ya Ubelgiji ilikuja. Nilisikia masista wakizungumza Kifaransa katika chumba cha kupigia pasi, na ingawa Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza, nilielewa Sista Mkuu aliposema kwamba si suala la shule tena, ni suala la kumtoa. Alirudia neno hilo, kumtoa. Nilibaki na shuka mikononi nimelikunja mara nne na bado nalikunja. Sikumwambia Vestine. Alikuwa anajua, sanduku lake lilikuwa limekaa chini ya kitanda tayari, na kila jioni alilivuta, akapanga upya sweta mbili zile zile, akalirudisha.

Mkanda wa feni ulikuwa umeanza kupata nyufa. Mzee aliusema, Sista aliuagiza, Gikondo nzima ikatafutwa. Haukuwapo. Malori ya bandarini yalikuwa yanachelewa, na vipuri vilivyofika vilichukuliwa na magari ya watu wenye nyota mabegani. Mzee alikata vipande virefu vya mpira wa ndani wa tairi, kama vile vya kufungia mizigo kwenye baiskeli, akaviweka chini ya kiti pamoja na panga na dumu la maji. "Tunakwenda na hii mpaka mpya ifike," akasema. Hakupenda. Lakini gari lilikuwa hilo moja.

Siku ya safari ilikuwa katika Kwaresima, mchana, jua kali. Mpishi alimpikia Vestine ndizi na nyama, akamtazama akila, akajifuta macho kwa aproni, redio imezimwa. Barabara kubwa ya kwenda Kanombe, kwenye uwanja wa ndege, tuliambiwa imefungwa na vijana asubuhi ile. Mzee akaamua tupite njia ya nyuma, ile ya vumbi inayoshuka bondeni kisha inapanda upande wa Kanombe. Mimi niliendesha, Vestine katikati, Mzee mlangoni, sanduku nyuma limefungwa kwa mpira. Vestine alikuwa amevaa viatu vipya na amejipaka mafuta mengi usoni. Alikuwa anasema, anasema, anasema. Nilimwambia, "Nyamaza basi nisikie injini," naye akasema, "Isikilize kesho, leo nisikilize mimi."

Tulikuwa tumefika bondeni, tunaanza kupanda, taa nyekundu ya betri ikawaka. Filimbi haikuwapo tena. Nikatazama mshale wa joto nao ukawa unapanda. Sikuuliza mtu. Nililitoa gari kwenye ukingo, nikatia gea ya kwanza, nikazima. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Muzuri," kana kwamba tuko kwenye mtihani, kisha akashuka na kila kitu kikaenda kama alivyofundisha. Jiwe. Vestine ukingoni. Mzee akashika panga, akaingia kwenye mikaratusi, akarudi na matawi, akayatandaza mbele yetu na nyuma yetu, kwenye kona. Alipomaliza alirudi kwenye kona ile ya nyuma kuyapanga vizuri, maana upepo uliyasogeza.

Vestine alikuwa anatazama boneti. "Dona, fungua rejeta, tia maji, twende. Ni hapo tu juu."

"Haifunguliwi ikiwa ya moto."

"Nakuomba. Nitaifungua mimi, ngozi ni yangu."

"Vestine, na mkanda hamna. Hata nikitia bahari nzima itachemka tena."

Alikaa chini na viatu vyake vipya vumbini. Nilianza kufunga ule mpira kwenye magurudumu ya mkanda, vidole vikiungua, nikikaza, nikipima kwa kidole gumba. Njia ile haikuwa na magari. Kutembea na sanduku hadi uwanjani, mlima wote ule, tusingefika hata kama tungekimbia. Tulichohitaji ni gari moja tu, mtu mmoja wa kusimama, kama watu walivyosimama siku zote.

Na gari likaja. Tulilisikia kabla ya kuliona, injini ya petroli, nzuri, laini. Likatokeza kwenye kona, jeupe, mizigo imefungwa juu ya keria, linaelekea Kanombe kama sisi. Vestine akaruka. Akaenda mbio kulilaki, mikono juu, anapiga kelele, "Simama! Tusaidie! Simama!" Mzee alikuwa pale pale kwenye majani, ameinuka, anapunga mkono. Gari likasimama ghafla. Kwa muda mfupi lilikaa tu, na mimi nilikwisha kuanza kufungua mpira wa sanduku. Kisha likarudi kinyumenyume, kwa kasi, likayumba, likakwaruza ukingo, likaendelea kurudi hadi likapotea nyuma ya kona. Tulisikia injini ikipanda mlima tuliotoka. Vestine aliendelea kukimbia kidogo, kisha akasimama katikati ya barabara. Mzee alikuwa anatazama kule gari lilikokwenda, na mkono wake bado uko juu.

Injini ilipoa. Nilitia maji pole pole, nikawasha, mpira ukashika. Tulipanda kwa gea ndogo, Mzee ameinama kusikiliza. Tulifika uwanjani na ndege ilikuwapo. Hilo ndilo linaloniuma: ilikuwapo. Ilikuwa imekaa pale, kubwa, nyeupe, mlango umefungwa, ngazi inasukumwa pembeni na wanaume wawili wasio na haraka. Mtu wa mezani alitutazama kwa huruma ya kweli akasema imefungwa, hawezi. Nafasi nyingine hakuna hadi baada ya Pasaka, wageni wote wanarudi kwao kwa sikukuu. Akamwandikia Vestine Ijumaa ya juma baada ya Pasaka, tarehe 8 Aprili. Vestine akasema asante. Tulipokuwa tunashuka akasema, "Basi Pasaka tutakula pamoja," na akatia mkono wake kwenye mkono wa Mzee, kwa sababu Mzee alikuwa anatembea kama mtu asiyeona kabisa.

Siku chache baadaye mfanyabiashara mmoja mwenye ghala la chumvi Gikondo alikuja zahanati kufungwa kidonda cha mguu. Mimi na Mzee tulikuwa ukumbini tumebeba dumu la maji baina yetu, na mlango ulikuwa wazi. Tulimsikia akimsimulia Sista Mkuu, kwa furaha ya mtu aliyepona: "Juzi nusura nife, Sista. Nampeleka mke wangu uwanja wa ndege, nikasema nipite bondeni nikwepe vile vizuizi. Nakata kona, naona majani barabarani! Jitu limesimama juu yake na panga mkononi. Jingine linanijia mbio linapiga kelele nisimame. Yesu wangu! Nilirudi kinyumenyume hadi juu. Tukapita barabara kubwa, kumbe walikwisha kuifungua."

Sista alisafisha kidonda. Kisha akauliza, "Garini mlikuwa wangapi?"

"Mimi na mke wangu tu. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Kwa nini?"

"Nyoosha mguu," akasema Sista.

Mzee aliliweka dumu chini, polepole, bila kumwaga. Alitoka nje, akafungua mlango wa kamyoneti, akatoa panga chini ya kiti, akalipeleka jikoni. Alimwambia mpishi, "Hii iko ya viazi sasa." Kisha akakaa kwenye benchi lile bovu na uso ameuelekeza ukutani. Maisha yake yote aliamini kinga iko, naye alikuwa ameiweka sawasawa, mahali pake, mbali inavyotakiwa, na ndiyo iliyomfukuza mtu wa kutusaidia. Majani yalikuwa yale yale ya vizuizini, na panga lile lile. Sisi wenyewe tulikuwa tumepita njia ile kwa kuyakimbia.

Nilimwambia Vestine usiku wa siku ile, tukiwa tumelala. Alianza kucheka. Alicheka hadi akaketi kitandani. "Yaani mimi ndiye niliyemtisha mtu barabarani? Mimi?" Kisha kicheko kikaisha, akakumbatia magoti. "Mwambie Mzee asijiumize," akasema. "Hata mimi ningegeuza." Nilimpelekea Mzee maneno hayo asubuhi, neno kwa neno. Akatikisa kichwa. "Amesema hivyo kwa sababu iko mutu muzuri," akajibu, na hakutaka tuzungumze tena. Agnesi, hiyo ndiyo sababu ya fulana na shati. Baba yako alipendelea lori limgonge kuliko mtu mwingine ageuze gari kwa kuona majani yake.

Lakini Pasaka tulikula pamoja, na hilo pia nataka ulijue. Mkanda mpya ulikuwa umepatikana, tumeufunga mimi na Mzee Jumamosi, tangi limejazwa, tairi zimepimwa. Tulikula barazani, wali na nyama ya mbuzi na maharage, hata Sista Mkuu akaja na chupa ya divai. Mzee hakugusa chakula. Vestine akachukua kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani yake akakiweka kwenye ya Mzee. "Kula, Mzee. Ijumaa unanipeleka wewe, na safari hii hakuna panga. Tukikwama tutakata majani kwa meno." Watu wakacheka, na Mzee akacheka mwisho, akala. Baada ya kula Vestine alishuka hadi kwenye kamyoneti, akiwa na nguo yake ile ile ya kanisani, akaniambia nimfungulie boneti. Akainama, akabonyeza mkanda mpya kwa kidole gumba, kama alivyoniona nikifanya mwaka mzima. Ukazama kidogo tu. Akajifuta kidole, akatutazama, ameridhika.

"Huu utafika," akasema.

Mzee alishuka naye, akalikanyaga lile jiwe kuona kama limekaa. Lilikuwa limekaa. Kamyoneti ilikuwa juu ya mteremko, pua ikitazama lango, tayari kwa Ijumaa.